Nguzo inalipwa na raia, laini inakuwa ya nani?

BUTEMBO – Kila Jumapili kisha ibada, kwenye vilima vinavyozunguka mji wa Butembo, watu wanaonekana wakitembea ndani ya majani na kamba ya kupimia mikononi. Ni familia zinazotafuta parsele. Muuzaji anatangulia, anaonyesha mipaka kwa mguu: huku miti ya mikaratusi, kule bonde, pale shamba la mihogo la jirani. Mnunuzi akiuliza juu ya umeme, jibu liko tayari mdomoni: "Papa, nunua tu. Umeme iko njiani. Hata nguzo ya kwanza unaiona pale chini."

Nguzo inaonekana kweli. Iko ng'ambo ya bonde. Kati ya nguzo ile na parsele hii kuna mita mia nane, na hakuna mtu amesema nani atalipa hizo mita mia nane.

Neno hilo "umeme iko njiani" limekuwa sehemu ya bei ya ardhi katika Butembo na Beni. Muuzaji analitumia ili kupandisha bei. Chefu wa kartye analirudilia kwenye mkutano. Mnunuzi analiamini kwa sababu anataka kuliamini. Mwisho, familia inahamia gizani, miezi inapita, kisha mtu anakuja na daftari: kila nyumba itoe mchango wa nguzo, waya na transfoma. Watu wanachanga. Nguzo zinasimama. Siku umeme unawaka, wale waliochanga wanakuwa wateja kama mteja mwingine yeyote: wanalipa kila kipande cha umeme kwa bei ile ile, na laini waliyoinunua si yao tena. Hawana hata karatasi moja inayosema walitoa kitu.

Jambo hilo linapaswa kukataliwa. Hakuna raia wa Butembo wala wa Beni anayepaswa kutoa franka moja juu ya nguzo bila mkataba ulioandikwa. Na hakuna familia inayopaswa kuacha nyumba ya kupanga mjini kwa sababu tu ya neno la muuzaji.

Kwa nini watu wanapanda vilima

Hakuna haja ya kuwacheka wanaohamia huko. Wanasukumwa. Tangu Oktoba 2014 mauaji katika eneo la Beni yamefukuza maelfu ya watu kutoka mashamba yao. Kwenye barabara ya Mbau kwenda Kamango, kwa upande wa Oicha na Eringeti, watu waliacha kakao ikiiva juu ya miti. Kisha vita vya upande wa kusini wa Lubero vikaleta wengine. Wengi wameingia mijini na kukaa kwa ndugu. Nyumba ya vyumba viwili inabeba familia tatu. Mwenye nyumba anaona wingi wa watu, anapandisha kodi.

Ndiyo maana mwalimu, mama muuza samaki wa chumvi na kijana wa pikipiki wanafanya hesabu moja: afadhali kununua parsele mbali na kati, kujenga miti na udongo kwanza, kisha kuboresha pole pole. Pesa zinatoka katika likirimba, katika kuuza mbuzi, katika mkopo wa kanisa. Ni akiba ya miaka. Familia haina akiba ya pili.

Kwa hiyo mtu anayemdanganya mnunuzi wa namna hiyo juu ya umeme anamchukulia zaidi ya starehe ya televisheni. Fundi cherehani aliyehama mjini hawezi kupiga pasi. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa serkali anasoma kwa kitochi. Kinyozi anarudi kupanga chumba mjini ili apate kazi, na sasa analipa mahali pawili.

Umeme haufuati watu

Wanaosema umeme utafuata watu hawajaangalia historia ya inchi hii. Inga ya kwanza ilianza kutoa umeme mwaka 1972, Inga ya pili mwaka 1982. Ilijengwa laini ya urefu wa kilometa karibu 1.700 kutoka Inga hadi Katanga, kwa ajili ya migodi. Waya ule unapita juu ya vijiji vingi. Watu wa vijiji hivyo wamezaa, wamezeeka na wamezikwa chini ya umeme, na ndani ya nyumba zao kuna taa ya mafuta. Walikuwa pale kabla ya waya, lakini umeme haukushuka kwao.

Butembo yenyewe ni shahidi. Ni mji wa wafanyabiashara wakubwa, wanaoleta kontena kutoka Dubai na China, lakini kwa miaka mingi uliishi na jenereta. Wingi wa watu haukuleta umeme. Kilichofungua njia ni pesa na sheria. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 iliondoa ukiritimba wa SNEL na kuruhusu makampuni binafsi kutengeneza, kusafirisha na kuuza umeme. Kisha sheria hiyo zikaja mamlaka ya kusimamia sekta, ARE, na wakala wa umeme wa vijijini na pembezoni mwa miji, ANSER.

Mahali umeme ulipofika vizuri, faida yake inaonekana. Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori, ilipata kituo kidogo cha maji cha megawati 0,4 mwaka 2013. Megawati 0,4 si kitu kikubwa, lakini pale kikafuata kiwanda cha sabuni. Matebe katika Rutshuru ilifuata mwisho wa mwaka 2015 na megawati karibu 13. Katika Lubero kuna kituo cha Luviro. Mito iko, vituo viko. Shida ya mtu wa kilimani iko kwenye zile mita mia nane za mwisho.

Kampuni binafsi inafanya biashara, na haifichi hivyo. Mahali nyumba zimesongamana, nguzo moja inapata wateja kumi. Mahali nyumba zimetawanyika katika mashamba, nguzo tatu zinapata mteja mmoja, na mteja huyo anawasha taa nne na simu. Kampuni itakwenda wapi kwanza? Kila mtu anajua. Basi anayemwambia mnunuzi kwamba umeme utafika "mwaka huu" kwenye kilima chenye nyumba sita, aulizwe: kampuni ilikuandikia? Iko wapi barua?

Hesabu ya mita mia nane

Tuchukue kile kilima cha mwanzo. Nguzo zinawekwa karibu kila mita 40. Mita 800 zinataka nguzo 20. Vilima vya Butembo na Lubero vina mikaratusi mingi, kwa hiyo wakaaji wanaona nguzo kama kitu rahisi: kata mti, toa maganda, simamisha. Lakini mkaratusi ambao haukutiwa dawa unaoza pale unapoingia udongoni, na mchwa wanaumaliza. Baada ya miaka michache nguzo inaanguka, pengine usiku, pengine juu ya paa. Nani atainunua tena? Kama hakuna mkataba, jibu linajulikana: daftari litarudi.

Sasa waya. Watu wengi wanachanga waya mwembamba kwa sababu pesa ni kidogo. Waya wa aluminium wa milimeta 16, kwa mita 800, kwenda na kurudi, una ukinzani wa omu karibu 2,8. Nyumba kumi za mwisho zikiwasha pamoja, kila moja ikitumia amperi moja tu, volti 28 zinapotea njiani. Umeme unaotoka volti 220 unafika volti 192. Taa zinawaka lakini zimelegea, friji inaanza kuungua polepole. Mtu mmoja akileta mulen ya mihogo ya kilowati 7,5 mwishoni mwa laini ile, inataka amperi 34. Hapo volti 95 zinapotea na mulen haizunguki kabisa.

Maana yake ni kwamba wakaaji wanaweza kuchanga, kusimamisha nguzo 20, kuvuta waya, na bado wasipate umeme wa kazi. Kilima kile kilihitaji waya wa umeme mkubwa hadi karibu, na transfoma yake huko juu. Hiyo ni kazi ya injinia, si ya kamati ya kartye. Kamati inayokusanya pesa kabla injinia hajapanda kilima na kuandika mpango inawapotezea watu pesa, hata kama wanakamati wote ni watu wa Mungu.

Wanaotetea mchango

Wako wanaotetea mchango bila karatasi, na wasikilizwe.

Wa kwanza wanasema: "Bila mchango hatungepata umeme hata leo." Inawezekana ni kweli. Lakini hakuna aliyesema watu wasichange. Likirimba inachangwa, harusi inachangwa, shule inachangwa. Swali ni moja: katika likirimba kila mtu anajua siku yake ya kupokea. Katika mchango wa nguzo siku hiyo haipo. Mchango usio na siku ya kurudi ni zawadi. Mama muuza ndizi anaipa kampuni zawadi?

Wa pili wanasema: "Kampuni nayo ina gharama. Ikirudisha pesa ya nguzo kwa kila mtu, itafunga." Gharama ziko kweli. Kuendesha laini, kubadilisha transfoma iliyopigwa na radi, kufukuza waiba waya, yote ni pesa. Lakini kuna njia ya kurudisha bila kuua kampuni: pesa iliyotolewa inaandikwa kama deni, kisha inakatwa kidogo kidogo mteja anaponunua umeme. Kontere za kulipia mbele zinajua kuhesabu. Mtu aliyetoa dola 100 ya nguzo anaweza kupewa umeme wa nyongeza kila mwezi hadi dola 100 iishe, hata kama itachukua miaka minne. Kampuni haitoi franka mkononi, na raia hapotezi.

Wa tatu wanasema: "Hii ni inchi ya vita. Nani ataandika mikataba hapa?" Hao wajibiwe kwa ukali zaidi, kwa sababu neno "vita" limekuwa blanketi la kufunikia kila kitu. Wafanyabiashara wa Butembo wanaandikiana mikataba ya makontena wakati huo huo wa vita. Muuzaji wa parsele anaandika karatasi ya mauzo mbele ya mashahidi wakati huo huo wa vita. Hali ya dharura ya kijeshi iliyoanza tarehe 6 Mei 2021 haikukataza mtu yeyote kuandika risiti. Kalamu inakosekana tu pale maskini ndiye anayetoa.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Pano ya jua: msaada, lakini si uongo

Kuna muuzaji mwingine anayengojea mnunuzi wa kilimani: muuza pano. Yeye anasema, "Achana na kampuni. Pano moja na betri, umemaliza." Huyu naye anastahili maswali.

Pano ya jua ni kitu kizuri. Kwa familia inayohamia mahali pasipo laini, ndiyo njia ya haraka na salama kuliko mshumaa na mafuta. Lakini ina hesabu yake. Huku kwetu karibu na ikweta, pano ya wati 100 kwa siku nzuri inapata kama saa nne za jua kali. Ukiondoa hasara, inabaki wati-saa karibu 300. Taa nne za wati 5 kwa saa tano zinakula 100. Simu mbili zinakula 40. Redio inayosema saa sita inakula 30. Televisheni ndogo ya wati 40 kwa saa tatu inakula 120. Jumla ni 290. Imekwisha. Siku ya ukungu na mvua, ambazo Butembo inazijua vizuri, pano inapata nusu au chini ya hapo, na televisheni inapaswa kulala.

Pasi ya wati 1.000 kwa nusu saa inataka wati-saa 500. Pasi peke yake inashinda siku nzima ya pano ile. Mulen, friji ya duka, mashine ya kulehemu: hivyo si vya pano moja. Anayemwambia fundi wa vyuma kwamba pano moja itamtosha anamwibia.

Mnunuzi anaweza kujikinga bila kuwa fundi. Meta mraba moja ya pano ya kisasa, kwenye jua kali kabisa, inatoa kama wati 200. Basi pano yenye nusu ya meta mraba haiwezi kuwa ya wati 300, hata kama karatasi nyuma yake imeandika hivyo kwa herufi kubwa. Tembea na meta ya fundi cherehani, pima urefu na upana mbele ya muuzaji. Betri ya volti 12 na amperi-saa 100 inabeba wati-saa 1.200, lakini betri ya risasi ikishushwa chini ya nusu kila siku inakufa upesi. Kwa hiyo hesabu 600 tu, siku mbili za familia ile. Na pano ikiwa mbali na betri, waya mwembamba unakula umeme: kwa volti 12, waya wa shaba wa milimeta 1,5 na urefu wa mita 15, ukibeba wati 120, unapoteza volti tatu na nusu. Betri haitajaa vizuri, na muuzaji atasema pano ni nzima. Ni kweli, pano ni nzima. Waya ndiyo mwizi.

Jambo la mwisho hapa ni radi. Mashariki ya Congo ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi nyingi zaidi. Nyumba ya mabati peke yake juu ya kilima, na pano juu yake, bila chuma kilichoingizwa udongoni na kufungwa waya wa ardhi, ni hatari. Mafundi wengi wanaruka hatua hiyo kwa sababu mteja hajui kuiuliza. Aiulize.

Pano inaweza kubeba familia miaka miwili au mitatu hadi laini ifike. Lakini isitumiwe na viongozi kama sababu ya kunyamaza. Mtu akisema "watu wa kilimani wana pano zao, hawana shida", ajue kwamba taa nne haziajiri kijana hata mmoja. Sabuni ya Mutwanga haikutoka kwenye pano ya wati 100.

Karatasi ya ardhi kabla ya karatasi ya umeme

Kuna kosa linalotangulia yote haya. Wengine wanachanga nguzo kwenye ardhi ambayo si yao kisheria. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serkali peke yake. Mtu anapata haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na cheti cha kuandikishwa kinachotolewa na konservatere wa vyeo vya ardhi. Sheria hiyo iliahidi pia agizo la Rais la kupanga haki za jamii juu ya ardhi zao za kimila. Miaka zaidi ya hamsini imepita, agizo hilo halijatoka. Ndani ya pengo hilo, mbuzi aliyetolewa kwa mwenye ardhi wa kimila, karatasi ya chefu wa lokalite na fishi ya parsele vyote vinatembea kama cheti, na siyo cheti.

Matokeo yake ni kwamba parsele moja inauzwa mara mbili, au inauzwa ikiwa ndani ya mipaka ya Mbuga ya Virunga, ambayo iko tangu mwaka 1925. Watu wa Beni wanajua ugomvi wa Mayangose, ambapo wakulima na mbuga wamevutana kwa miaka mingi. Aliyenunua mahali kama pale asingoje nguzo. Hakuna kampuni yenye akili itakayoweka transfoma mahali ambapo kesho watu wanaweza kufukuzwa.

Kwa hiyo mpangilio wa kuhama uwe huu. Kwanza, mnunuzi aende kadastri mwenyewe, si kwa kumtuma muuzaji. Aulize majirani wa pande zote nne, na wazee, sio vijana tu. Pili, aulize maji: kisima, chemchemi, umbali wa kubeba bidoni. Tatu, aende kwenye ofisi ya kampuni ya umeme na kuuliza kwa maandishi kama kilima hicho kimo katika mpango, na cha mwaka gani. Ofisi ikikataa kuandika, hilo nalo ni jibu. Nne, ahesabu bei ya pano, betri, waya na fundi pamoja na bei ya mabati. Umeme uingie katika hesabu ya nyumba kama mlango unavyoingia. Kama jumla inapita akiba, angoje mwaka mmoja mjini. Kodi ya mwaka mmoja ni chungu, lakini nyumba iliyoachwa wazi kilimani ni chungu zaidi.

Mambo yanayopaswa kuandikwa

Na siku daftari la mchango linapofika, kamati ya kartye isikusanye kitu kabla mkataba na kampuni haujatiwa sahihi. Mkataba huo si lazima uwe kitabu. Kurasa mbili zinatosha, kama zinasema haya waziwazi:

Kila nyumba ilitoa kiasi gani, na jina lake lipo kwenye orodha iliyobandikwa mahali pa wazi, kanisani au sokoni.

Pesa hiyo itarudi kwa njia gani na kwa muda gani, kupitia kontere.

Mtu atakayehamia baadaye na kujifunga kwenye laini hiyo atalipa sehemu yake, na sehemu hiyo itawarudia waliotangulia. Leo mambo ni kinyume: wa kwanza wanabeba mzigo wote, wa mwisho wanaingia bure, na ndiyo maana kila mtu anataka kuwa wa mwisho.

Nguzo ikioza au transfoma ikiungua, nani anaibadilisha, na ndani ya siku ngapi.

Umeme usipowaka kwa tarehe iliyosemwa, pesa inarudishwa mkononi.

Nakala moja ikae kwa kamati, moja kwa kampuni, moja kwenye ofisi ya komini. Meya wa Butembo na meya wa Beni wanaweza kulifanya jambo hili kuwa sharti kwa barua moja: hakuna kamati inayoruhusiwa kukusanya pesa ya umeme katika mji bila mkataba uliowekwa komini. Barua hiyo haihitaji bajeti wala mfadhili. Na ARE iliwekwa kusimamia sekta hii. Kuwalinda wateja ni sehemu ya kazi yake, hata kama wateja wako mbali na Kinshasa.

Machefu wa kartye nao wachague. Chefu anayesimama mbele ya watu na kusema "umeme iko njiani" bila barua mkononi amekuwa muuzaji wa parsele. Kama anapata sehemu yake kwenye kila parsele inayouzwa, watu wana haki ya kujua. Kama hapati, basi aache kuwatangazia wauzaji bure.

Kampuni za umeme zisione haya kama vita dhidi yao. Mteja aliye na mkataba analinda nguzo. Anayeona nguzo kama mali yake hatamwachia mwizi kukata waya usiku, na hatajifunga kwa siri nyuma ya nyumba. Wizi wa umeme unaanza mahali watu wanaposema, "Hata sisi tulinunua hii waya."

Jumapili ijayo muuzaji atapanda tena kilimani na kamba yake, na mtu atamuuliza juu ya umeme. Akijibu kwamba uko njiani, mnunuzi amwambie hivi: "Sawa, papa. Andika hapa kwenye karatasi ya mauzo: umeme utafika tarehe fulani, la sivyo unanirudishia nusu ya bei." Kisha amtazame kama atachukua kalamu.